Namna ya kupanga kikundi ya kusaidia bazee benye banateswa mu kartie

Huku Lubumbashi bantu habakosi roho ya kusaidia. Kambo, ni kusema mutu muzee, akipigwa asubuhi mu Katuba, mbele jua izame utaona mama wa kanisa amefika, sefu ya avenie amefika, reko wa santre de sante (ule wa kupita mu nyumba juu ya afya) amefika, pasta moja, majirani na batoto babo na simu mu mikono, na kila mutu anauliza "kambo, nini ilifika?" Kambo anasimulia mara tano, na mara zote tano mutoto mwenye alimupiga eko pale anasikiliza. Kisha bote banarudia kwabo, giza inaingia, kambo anabakia mu ile nyumba na ule mutoto mwenye sasa kasirani yake imeongezeka. Basaidizi balikuwa mingi, lakini hakukuwa hata moja wa kujua nani afanye nini kesho asubuhi. Naandika juu ya kupanga ile kazi, juu kama haipangwe inaweza kumuumiza muzee kuliko mbele.

Mateso gani tunasema

Bantu mingi bakisikia kutesa bazee banafikiri paka fimbo. OMS, ile ya afya ya dunia yote, inahesabu pia matusi na vitisho, kunyima chakula na dawa, kula feza ya muzee, kumubaka, kumutupa. Inasema mutu moja ku sita wa myaka 60 na zaidi anapata moja ya ile mateso mu mwaka, na hiyo ni hesabu ya bale benye beko ku nyumba, kati ya familia na majirani.

Kwetu inakuja na sura zake. Kuko pansion, feza ya mwenye ameacha kazi juu ya uzee: mutoto anashika karata na kode (nambari ya siri), anaendaka kutosha feza yeye mwenyewe, baba hajui hata ni ngapi. Kuko parsele, ni kusema kiwanja na nyumba yake, na hapa musisahau historia ya muji. Mu 2003 na 2004 bafanyakazi 10.655 ba Gécamines, shirika ya mungodi, balitoka ku kazi na feza ya mara moja, ile ya depar volonter (kuacha kazi kwa kupenda). Leo mingi kati yabo ni bazee, ile feza iliisha kitambo, na kintu ya maana yenye ilibakia ni nyumba na bulongo. Bei ya parsele inapanda, batoto bamekomaa habana kazi, na siku moja muzee analetewa karatasi ya kuweka kidole bila kusomewa.

Na kuko bulozi, na hii njo inaua. Mutoto anakufa na malaria, kazi inaisha, ndoa inaharibika, kidole inaelekea ku kambo mwanamuke, zaidi kama ni mujane, kama hana mutoto mwanaume wa kumutetea, kama macho yake imekuwa mekundu juu ya myaka mingi ya moshi ya makala. Akishaitwa mulozi, hata majirani bazuri banaogopa kumupa maji.

Mutu moja wa kushika kaye

Kama mutakamata kintu moja paka mu hii yote, mukamate hiki: kila muzee awe na mutu moja wake mu kikundi, mutu mwenye yeye muzee alichagua, na ule mutu njo anashika kaye, ni kusema daftari. Naita mushika-kaye. Masimulizi inasimuliwa kwake, mara moja, polepole, anaandika. Infirmie akitaka kujua, anauliza mushika-kaye. Avoka (mwanasheria) akitaka tarehe, anauliza mushika-kaye. Sefu akitaka kwenda kuona familia, mbele ya kwenda anamupigia simu mushika-kaye. Bengine habaendi kumuuliza muzee maneno ile ile tena, juu kila mara anarudilia, roho yake inarudia mu ile siku, na tena akichoka anaanza kuchanganya tarehe, na mu tribinali banasema anadanganya.

Mushika-kaye haitaji kuwa mutu mukubwa. Mara mingi mama wa kuuza mboga ku soko ya avenie anafaa kuliko mwenye diplome, juu anapitaka pale kila siku na hakuna mwenye anajiuliza juu ya nini amepita. Kintu ya lazima ni ajue kufunga kinywa, asiwe ndugu wa mwenye anatesa, asiwe na deni kwake. Na awe na mutu wa pili mwenye anajua fasi kaye inalala, kama yeye anagonjwa ao anasafiri.

Ku kaye musiandike jina ya muzee. Muandike alama, kama "K3 wa avenie ya mwembe". Muandike tarehe, nini aliona ao alisikia, maneno ya muzee sawa vile alisema, nani aliahidi kufanya nini na siku gani. Kaye ikianguka mu mikono ya familia, hiyo alama njo itamulinda.

Nani aingie mu kikundi

Bantu tano mupaka saba kwa avenie ao kwa kartie ndogo, basipite. Bakiwa kumi na tano hamutaficha neno hata siku mbili.

Sefu ya avenie ao ya kartie ni lazima, juu bila yeye hamuingie mu parsele ya mutu, na karatasi mingi inaanzia kwake. Infirmie wa santre de sante, na reko moja, ule mwenye anapitaka mu nyumba na mambo ya chanjo, anajua mulango gani inafunguka na mulango gani kuko kelele. Mama wa CEV (kikundi ya Bakatolika ya kartie) ao wa kanisa ingine, ao wa muskiti, fasi bantu banakutana kila juma. Avoka, ao mutu mwenye amesoma kidogo mambo ya sheria na anaweza kumufikia avoka: barro (chama ya bavoka) eko na biro ya kupokea bantu benye habana feza, na muzee akipata karatasi ya endijansi, ile ya kuonyesha hana feza, inamupunguzia gharama. Na kijana wa moto, ni kusema wa pikipiki ya kubeba bantu, ule tunaita manseba. Nasema kwa nguvu juu vikundi mingi vinamusahau: saa ine ya usiku mu Kalukuluku, mwenye atakuja na kumutosha kambo ni manseba mwenye munajua jina yake na yeye anajua nyumba, si gari ya mutu mukubwa mwenye simu yake imezimwa.

Mambo ya bapasta ni nzito na lazima niseme wazi. Mu muji yetu kuko makanisa ya uamsho fasi mutu anasimama mbele anasema "mu familia yako kuko muzee mwenye anakula nyota yako". Ule mwenye anasemaka hivyo hawezi kuingia mu kikundi, hata kama analeta chakula, hata kama ni mutu wa heshima mu kartie. Lakini pasta mwenye haonyeshi bantu kidole, mwenye anakubali kusimama mbele ya kanisa yake na kusema ugonjwa ni ugonjwa, ule mumutafute mumulete, juu siku bantu bamekasirika neno yake moja inaweza kupita maneno kumi ya sefu.

Siku ya kwanza ya kuona muzee

Bantu mbili, basipite, na moja awe mwanamuke kama muzee ni mwanamuke. Muende saa ile mwenye munamushuku hayuko, mu masaa ya kazi ao ya soko. Musifike na gile (kizibao) ya shirika, musipige foto pa mulango. Sababu nzuri ya kuingia ni kupima tansio (presha ya damu): infirmie anakuja kupima tansio ya bazee ba avenie yote, anapita mu nyumba tatu, ya ine njo ile munatafuta, na kule ndani anamulomba muzee amufwate ku santre juu masini ya pale ni muzuri zaidi. Ku santre mulango inafungwa, na muzee anaweza kusema.

Mumusemeshe mu luga yake. Bazee bengine banasimulia Kiswahili ya soko muzuri kabisa, lakini maumivu yabo iko mu Kibemba, mu Kiluba, mu Kisanga, mu Kisonge. Mutafute mutu wa ile luga inje ya familia. Musimutumie mujukuu, hata kama eko na akili, juu mujukuu analala mu ile nyumba.

Maulizo isikuwe mingi. Leo usiku unaweza kulala bila woga? Ulikula nini jana? Nani anashika karata yako ya elekteri (ile ya kura) na papie ya parsele? Kisha ile ya mwisho, na mungojee jibu hata kama anakawia: kambo, wewe mwenyewe unapenda nini? Mara mingi jibu itabashangaza. Hataki mutoto aende ku buloko (jela). Hataki kuhama. Anataka paka bamurudishie ufunguo ya chumba, ao bibi wa mutoto yake aache kumutukana mbele ya bajukuu. Ile anataka njo munaanzia nayo, hata kama ninyi munaona kintu kubwa zaidi. Muzee ni mutu mukubwa, aliendesha nyumba na batoto na kazi ya mungodi, na kama tunafika na kuamua kwa fasi yake tunamukamatia tena kintu yenye batesaji bamemukamatia. Ni paka kama kuko hatari ya kufa ile usiku njo munasukuma kidogo, na hata pale mumulombe kwa usiku moja: "kambo, tulale kwa mama fulani leo, kesho utaamua."

Kama muzee amebakwa, na inafikaka hata kama bantu habapende kuisema, musingoje mukutano ya kikundi. Afike ku lopitali mbele ya masaa 72, juu dawa ya kuzuia VIH (virusi vya UKIMWI) inatumika paka mu ile masaa, na kama inakamatwa mbio ni muzuri zaidi. Asioge kwanza, nguo alivaa iwekwe mu karatasi, hapana mu sashe ya plastiki.

Akili inapotea, banasema bulozi

Hapa infirmie wenu anaweza kuokoa maisha. Kambo anatoka usiku anatembea mu parsele bila nguo, anaongea peke yake, anasahau jina ya mutoto yake, anasema bamemuibia chakula na alikula sasa hivi. Majirani banaona mulozi mwenye "ameanguka" akitoka ku kazi yake ya usiku. Ukweli, ile ni ugonjwa ya ubongo yenye inakamataka bazee mu dunia yote, na mara mingi inaongezeka mangaribi na usiku, njo maana banaikuta saa ile. Na kama ilianza mbio, mu siku mbili tatu, muzee jana alikuwa muzuri na leo anachanganya, inaweza kuwa malaria, ao maambukizo ya mikojo, ao sukari, ao kukosa maji mu mwili, bintu benye infirmie anaweza kupima na kutunza.

Kwa hiyo kila mara neno bulozi inatokea, jambo ya kwanza ni santre de sante. Infirmie aelezee familia mbele ya sefu, kwa maneno mepesi, na kama muzee anakubali aelezee pia majirani ba pembeni. Kisha mupange bintu bidogo: kufunga portai (mulango ya inje ya parsele) usiku, taa ndogo mu koridoro, mutu wa kulala mu chumba moja naye. Mara zote munaona bantu banaanza kusema "kumbe ni ugonjwa", hatari imepungua nusu.

Usiku bantu banakuja

Hii mupange mbele, siku ya amani, juu ile usiku hakuna mwenye atafikiri muzuri. Mukuwe na nyumba mbili za kumupokea muzee mu komini ingine, si avenie ya pili. Kama eko Ruashi, alale mu komini ya Kamalondo ao komini ya Kenya, ile ya hapa Lubumbashi. Nyumba hizo bajue bantu batatu paka: mushika-kaye, kijana wa moto na mwenye nyumba. Sefu asijue, na asikasirike kwa hiyo, juu yeye njo bataenda kumusonga wa kwanza, na kintu hajui hawezi kuisema.

Simu ya kwanza inaenda ku manseba, ya pili ku sefu, ya tatu ku polisi. Mupange hivyo juu polisi inaweza kukawia na pikipiki iko karibu. Wakati sefu na pasta banasimama mbele ya portai kusimulia na bantu, kupoteza saa, kuuliza nani amekufa na alikufa na nini, muzee anatoka nyuma. Musibishane kama bulozi iko ao haiko. Ile usiku hamutashinda ile mabishano, munatafuta paka dakika kumi na tano. Mufunike muzee na kitenge, akamate dawa zake na karata yake ya elekteri kama iko karibu, kama haiko karibu muiache.

Na mu grupu ya WhatsApp musiandike kintu. Hata "kambo amefika salama" musiandike. Nimeona ujumbe ya furaha ikizunguka muji yote mbele ya saa sita.

Karatasi na sheria

Sheria iko, na kuijua kunatia nguvu mu mukutano na familia. Katiba ya Congo ya 2006, ku kifungu 49, inasema mutu mwenye amezeeka ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na kifungu 40 inasema batoto beko na lazima ya kusaidia bazazi babo. Kode ya familia ya 1987, ile walirekebisha mu 2016, inampa mujane haki ya kubakia mu nyumba yenye alikuwa anaishi na bwana yake, hata kama bandugu ba bwana bamefika na kufuli. Kode penal (sheria ya makosa) inaazibu kupiga, vitisho, kumuweka mutu mu majaribio ya kishirikina sawa kumunywesha dawa juu aonyeshe kama ni mulozi, na kumutangazia mutu maneno ya kumuharibia jina. Sheria ya 2006 ya ubakaji inasimama kwa bazee sawa kwa vijana, na mambo yake haimalizwi na mbuzi kati ya familia.

Sertifika ya munganga mukamate mu siku za kwanza, mbele bidonda bipone. Papie ya parsele mupige fotokopi, moja ibakie kwa avoka. Kama munasikia kuko muuzaji na muteja, avoka aandikie konservatere wa titre immobilier (ule wa kuandikisha bulongo na nyumba) na sefu ya kartie mbio kwamba muzee hajakubali kuuza, juu kuzuia ni rahisi kuliko kurudisha. Pansion: muzee aende yeye mwenyewe kutosha, na mutu wa kikundi pembeni, na kode igeuzwe siku ile ile.

Kuna bantu banaona kwenda ku parke, fasi ya kushitaki, ni kuharibu familia. Nawaelewa, lakini kwa damu, kwa ubakaji na kwa parsele yenye inauzwa kwa nguvu, kikao ya familia peke yake haitoshe.

Kuikala na familia

Pale hakuna hatari ya kufa, familia njo itabakia na muzee kisha sisi kuenda, kwa hiyo kazi yake ifanywe muzuri. Mukutane kwanza na mwenye anamuchunga, peke yake, bila muzee, na mumusikilize. Mara mingi ni bibi wa mutoto, eko na batoto sita, anafua nguo za kambo mwenye hajizuii tena mikojo, hajalala usiku mwezi muzima, na bandugu ba bwana banapiga simu kutoka Kolwezi kutoa amri bila kutuma feza. Ule mama akisukuma muzee ni mubaya na lazima iache, lakini dawa yake ni mutu wa kumupumuzisha siku mbili mu juma, sabuni, na bale ba Kolwezi kutuma kintu kila mwezi. Muandike nani atatuma ngapi, ku Airtel Money ao M-Pesa, tarehe gani, na sefu asaini.

Mwenye anakulaka feza ya muzee juu ya pombe, ule ni mwingine, musimufanyie sawa na ule mama mwenye amechoka.

Mikutano na feza

Kila juma mbili, saa moja, fasi ya kujificha kidogo, sale ya kanisa siku hakuna ibada ni muzuri. Kwa kila muzee maulizo ni ile ile: eko salama? Nani aliahidi nini na alifanya? Nani anapita kumuona juma hii? Kama mutu aliahidi na hakufanya mara mbili, kazi inapewa mwingine pale pale, bila kelele.

Feza ndogo mukusanye sawa likelemba (muchango ya zamu), kwa ajili ya pikipiki, fotokopi, kredi ya simu na chakula ya siku tatu kwa nyumba yenye inapokea. Kaye ya feza iwe tofauti na kaye ya bazee, na ishikwe na mutu tofauti. Afere sosyale ya komini (biro ya kusaidia benye habana kitu) mubajulishe kwamba muko, juu kuko siku mutakuwa na muzee mwenye hana mutu hata moja, na ile haimaliziki na kikundi ya avenie.

Dosie musiifunge juu kelele imekwisha. Mupite kumuona muzee mara moja ku juma kwa miezi mitatu, kwa siku tofauti, saa tofauti, kisha mara moja ku mwezi. Mbele ya kufunga, mushika-kaye amuulize yeye mwenyewe kama anaona inafaa, na akisema bado, mubakie. Akikubali, kaye inawekwa kwa ule mutu wa pili, inafungiwa ku fasi yenye ufunguo, na nambari ya mushika-kaye inaandikwa kubwa kubwa ku karatasi ndogo ya tansio, ile infirmie amemupa, juu pale hakuna mwenye atashangaa kuiona.